Coraline kwa mara ya pili: maswali ninayoulizwa mara kwa mara

Kila nikitangaza kwamba tunarudia kitabu cha Coraline kwenye kusoma kwetu na watoto kwa Jumamosi, simu yangu haitulii. Wazazi wanauliza yao, watoto wana yao, na kuna shemeji yangu mmoja ambaye hana mtoto katika kikundi ila anauliza kuliko wote. Nimechoka kujibu mmoja mmoja, ndiyo maana ya ukurasa huu. Usiyetaka kujua hadithi inaishaje, ruka sehemu za nyigu, filamu na kisima.

Ni kitabu gani hasa?

Ni riwaya fupi ya kutisha ya watoto, sura 13, iliyoandikwa na Mwingereza Neil Gaiman na kutoka mwaka 2002. Michoro ni ya Dave McKean, na nakuonya mapema kwamba michoro hiyo ina makali yake. Mwaka 2003 kilipata tuzo ya Hugo ya riwaya fupi, halafu kikachukua na Nebula; zote mbili ni tuzo za hadithi za kisayansi na za kufikirika.

Coraline Jones ni msichana aliyehamia na wazazi wake kwenye nyumba kubwa ya zamani iliyokatwakatwa kuwa makazi ya watu kadhaa. Chini wanaishi wanawake wawili wazee waliowahi kuwa waigizaji wa jukwaani, pamoja na mbwa wao. Juu yuko mzee anayedai anafundisha panya sarakasi. Mvua inanyesha, shule bado haijafunguliwa, baba na mama wako kwenye kompyuta zao. Baba, ili apumue, anamtuma mtoto akahesabu milango na madirisha. Madirisha yanakuwa 21 na milango 14. Kumi na mitatu inafunguka vizuri. Wa kumi na nne mama anaufungua kwa ufunguo mweusi, na nyuma yake hakuna kitu ila ukuta wa matofali.

Halafu inakuja siku mama ametoka, Coraline anaufungua mwenyewe, na matofali hayapo. Kuna ujia wenye giza, na mwisho wa ujia nyumba ile ile, ila kuku aliyeokwa ananukia mezani na wazazi wana muda wa kucheza. Kasoro ni moja tu: penye macho wameshonewa vifungo vyeusi. Wanampenda, wanataka abaki daima. Sindano, uzi na vifungo vyake viwili viko tayari kwenye sahani.

Ni Coraline au Caroline?

Coraline. Mwandishi alikosea kuchapa Caroline, akalipenda kosa lake, akaliacha. Ndani ya kitabu majirani nao wanamwita Caroline kila mara, naye anawasahihisha kila mara. Ukifika mwisho utaona kwamba utani huo mdogo ulikuwa na kazi yake.

Kinafaa mtoto wa umri gani?

Madukani hukiweka rafu ya miaka 8 hadi 12. Mimi siangalii sana umri. Nimewahi kuwa na mtoto wa miaka 8 aliyesikiliza huku anatafuna ubuyu, na wa miaka 11 aliyeomba kwenda chooni mara nne ndani ya sura moja. Unamjua mwanao. Anayesumbuliwa na giza msomee mchana, na usiishie katikati ya sura ya 9.

Kwa nini watu wazima wanaogopa kuliko watoto?

Hili ndilo lililonirudisha kwenye kitabu. Nilikisoma mara ya kwanza nikiwa mwanafunzi, chumba cha hosteli, mwenzangu kasafiri. Nililala taa ikiwaka, na asubuhi nikajicheka kwamba kitabu cha watoto kimenifanya nitazame chini ya kitanda. Miaka ikapita, nikapata mtoto, nikakifungua tena nikidhani sasa nimekua. Ikawa vibaya zaidi, na safari hii hofu ilikuwa imehama. Zamani niliogopa vile vifungo. Sasa niliogopa ukurasa ule ambao mama anasema “subiri kidogo, nina kazi”, kwa sababu jioni ile ile nilikuwa nimeyasema maneno hayo mara tatu.

Gaiman mwenyewe amekuwa akieleza kwamba watoto hukisoma kama safari ya ushujaa na watu wazima hupata majinamizi. Naamini sababu ni hii: mtoto anajiweka mahali pa Coraline, na Coraline ana jambo la kufanya, anatembea, anatafuta. Mzazi anajiweka mahali pa wazazi waliofungiwa nyuma ya kioo, wanaandika kwa vidole kwenye ukungu wa kioo, hawawezi kumsaidia mtoto wao kwa lolote. Ukiwa na kazi mkononi hofu hupungua, na mzazi wa kitabu hiki hana kazi.

Kuna kisa anachokisimulia mwandishi nacho nakipenda. Wakala wake wa vitabu aliona kitabu kinatisha mno kuuzwa kama cha watoto. Wakala akaombwa awasomee mabinti zake mwenyewe kwanza. Akawasomea, hawakuogopa, kitabu kikauzwa kwa watoto. Miaka mingi baadaye mmoja wa mabinti akakiri kwamba aliogopa mwanzo hadi mwisho, ila angeonyesha, mama angefunga kitabu asijue kilichofuata. Kwa hiyo ukimwona mwanao ametulia kama maji ya mtungi, usidhani haogopi.

Yule mama wa vifungo mnamwitaje kwa Kiswahili?

Tunasoma Kiingereza na kufafanua kwa Kiswahili papo hapo, na hapa ndipo nilipokwama kwa wiki mbili. Nilianza na “mama mwingine”. Watoto hawakutikisika. Mmoja akauliza, “Mama mkubwa au mama mdogo?” Nyumba zetu zimejaa mama. Dada wa mama ni mama, mke wa baba mdogo ni mama, jirani ni Mama fulani. Kumwambia mtoto wa Tanga kwamba upande wa pili kuna mama mwingine mwenye kuku wa kuoka ni kumwambia Idi imefika mapema.

Nikajaribu “mama wa pili”. Ikawa mbaya zaidi, mtoto mmoja alisema kwa sauti ya mtu anayejua mambo, “Aa, kumbe baba yake ameoa.” “Mama Vifungo” ikawachekesha, maana ilisikika kama muuza vifungo wa sokoni. Mwishowe binti wa miaka 10, mpole, asiyezungumza sana, akasema: “Si mama. Tumwite Simama.” Nilibaki mdomo wazi. Tangu siku hiyo ni Simama, na watoto wakicheza uani wanalipiga jina hilo kama amri: anayekimbizwa akiambiwa “Simama!” ndiyo ameliwa.

Na hapo huwa naingiza methali tuliyolelewa nayo, zimwi likujualo halikuli likakwisha. Maana yake ya kawaida ni kwamba bora adui unayejuana naye, atakubakiza. Simama anamjua Coraline kwelikweli: jina lake analitamka sawasawa pale ambapo majirani wote wanakosea, chakula anachokipenda, rangi za chumba anachokitamani. Kabla yake waliingia watoto watatu, nao walijulikana hivyo hivyo na kupendwa hivyo hivyo. Wamebaki vivuli ndani ya kabati nyuma ya kioo, hata majina yao hawayakumbuki. Wamekwisha. Nilipowauliza watoto kama methali imekosea, mmoja alisema haijakosea, ila Simama hakuwa anawajua, alikuwa anajua vitu vyao tu. Sikuwa na la kuongeza.

Kitabu kinasema nini hasa kuhusu ushujaa?

Kinasema kupitia nyigu. Coraline anaporudi kwenye ujia ule kuwatafuta wazazi wake, mshumaa mkononi na paka mweusi ubavuni, anamsimulia paka kisa cha utotoni. Alikuwa akitembea na baba yake kwenye uwanja wa magugu, wakakanyaga kiota cha nyigu. Baba akampigia kelele akimbie, yeye akabaki ili nyigu wamshambulie yeye. Coraline aliumwa mara moja tu. Baba aliumwa mara 39, walizihesabu baadaye bafuni. Miwani ya baba ikaanguka kule kwenye magugu.

Jioni ile ile baba akarudi kuifuata miwani.

Kisha akamweleza bintiye jambo ambalo sikulielewa niliposoma nikiwa hosteli. Kusimama na kuumwa ili mtoto akimbie haukuwa ushujaa, maana hakuwaza, lilikuwa jambo pekee la kufanya. Kurudi kuchukua miwani, akijua nyigu wako pale, huku anatetemeka kweli, huo ndio ulikuwa ushujaa. Ukiogopa na bado ukafanya.

Tulipofika hapo watoto hawakuhuzunika hata kidogo, waligombana. Mvulana mmoja akasema baba mjinga, angemtuma mtu mwingine. Akajibiwa kwamba mwingine asingejua miwani ilipoangukia, angeumwa bure. Wa tatu akasema angenunua mpya. Binti wa fundi cherehani, ambaye mama yake anavaa miwani, akawatajia bei. Wakanyamaza wote. Baada ya hapo ndipo walipokubali kwamba alikuwa na sababu ya kurudi.

Lakini si tunawafundisha watoto wasiogope?

Ndiyo, na hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. “Usiogope.” “Mtoto wa kiume haogopi.” “Mwoga wee!” Angalia lugha yenyewe: anayeogopa tumeshampa jina la mwoga, na mwoga ni tusi. Mtoto anahukumiwa kwa alichokihisi kabla hajafanya wala kuacha kufanya lolote. Ila tuna neno jingine pembeni, hofu, nalo halina tusi. Mtu akisemwa ana hofu ya Mungu amesifiwa. Mimi siku hizi nikisoma natenganisha makusudi: Coraline ana hofu tangu sura za mwanzo hadi mwisho, ila si mwoga. Watoto wanashika haraka ajabu. Mvulana yule wa kwenda chooni mara nne alinijia siku moja akaniambia kwa heshima kabisa, “Shangazi, leo nina hofu kubwa, endelea.”

Nakiri nami nimekosea. Mwaka wa kwanza umeme ulikatika tukiwa kwenye sura ya handaki la chini ya nyumba, mtoto mmoja akalia, nami nikatoa lile lile, “Usiogope, mbona wenzako hawaogopi?” Hakurudi Jumamosi mbili. Wenzake walikuwa wanaogopa, nilikuwa nimeshikwa mikono miwili kwa pamoja gizani.

Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Kitabu hakiwachochei watoto kujitia hatarini?

Swali la shemeji. Si baya.

Coraline hajitii hatarini kwa kutafuta sifa. Wazazi wanapotoweka, anapiga simu polisi. Anamweleza ofisa kila kitu, naye anadhani ni ndoto mbaya, anamshauri amwombe mama yake kikombe cha chokoleti ya moto na kumbatio kubwa. Mama ambaye ndiye ametekwa! Basi amejaribu wakubwa kwanza, wakubwa hawakusikia. Ndipo anaingia. Na akiingia hapigani kwa mabavu, anamwekea Simama mchezo: nikizipata roho za wale watatu na wazazi wangu utatuachia sote, nikishindwa nitashonewa vifungo. Anajua Simama atadanganya, kwa hiyo naye anajipanga. Wakati wa kutoka anamdanganya Simama afungue mlango kwa mkono wake mwenyewe, halafu anamrushia paka usoni. Paka hakuombwa ruhusa. Watoto wangu hulipigia makofi tendo hilo kila mwaka, kisha hujadili haki za paka.

Shemeji alipoambiwa habari za simu ya polisi alicheka, akasema kwamba hapo kitabu hakijatia chumvi.

Kuna uchawi? Kuna majini?

Wazazi wa dini zote mbili wameniuliza. Hakuna mazinguo, hakuna ibada, hakuna anayefundishwa kufanya chochote. Kuna wale wanawake wazee wanaosoma majani ya chai kwenye kikombe na kuona hatari. Ni ramli, kwa ufupi. Kuna jiwe lenye tundu wanalompa Coraline, akilichungulia anaona palipofichwa roho. Asiyetaka hayo nyumbani kwake namwelewa, nimekwambia ujue.

Paka anazungumza, upande wa pili tu. Mweusi, hana jina, anasema paka hawahitaji majina kwa kuwa wanajijua wao ni nani. Mtoto yeyote wa pwani akisikia paka mweusi anayezungumza anasema “huyo jini” kabla hujafunga mdomo. Nawaacha waseme. Baada ya sura mbili shaka yao inaanza kupungua, baada ya nne wanamtaka nyumbani.

Ni sehemu gani niziruke?

Usiruke. Ila jisomee peke yako kwanza pale anaposhuka chini ya nyumba na kumkuta yule baba bandia ameshapoteza umbo, mweupe kama funza. Simama amemtupa huko kwa kuropoka mno, naye hataki kumdhuru Coraline ila analazimishwa. Hiyo ndiyo sehemu ya huzuni kuliko zote na ndiyo inayowafuata watoto kitandani. Ile ya Simama kula wadudu weusi kama mende kutoka kwenye mfuko wa karatasi, kana kwamba ni peremende, wao huona ni ya kuchekesha. Aliyefuatwa kitandani muulize angemfanyia nini yule baba. Wengi wangu wangempa blanketi.

Filamu si inatosha?

Filamu ya Henry Selick ya 2009, kazi ya studio ya Laika, ni nzuri sana; wanasesere wamesogezwa kidogo kidogo na kupigwa picha moja moja mpaka wakaonekana hai. Naiangalia kila mwaka. Imehamishia hadithi Oregon, Marekani, na imeongeza mvulana, Wybie, ambaye kitabuni hayupo kabisa. Aliwekwa ili Coraline awe na wa kuzungumza naye. Gharama yake inalipwa mwishoni: kwenye filamu mvulana anafika na kusaidia kuuponda mkono wa Simama. Kitabuni Coraline yuko peke yake, na nguvu yote ya kile kisa cha nyigu inategemea upweke huo. Someni kwanza. Kuna na toleo la katuni la P. Craig Russell la 2008, zuri kwa anayehangaika na Kiingereza.

Mwandishi si ndiye mwenye tuhuma?

Ndiye. Tangu Julai 2024 wanawake kadhaa wamemtuhumu kupitia vyombo vya habari vya Uingereza na Marekani kwa unyanyasaji wa kingono. Yeye amekanusha kufanya jambo lolote bila ridhaa. Wazazi wawili waliwaondoa watoto wao kwenye kitabu hiki kwa sababu hiyo, nikawatafutia kingine bila kubishana. Nakala tunayotumia niliinunua zamani. Ya pili sijainunua.

Kuna nini na kisima?

Baada ya yote, Coraline amerudi nyumbani, wazazi wako salama na hawakumbuki kitu. Hadithi nyingi zingeishia hapo. Lakini mlango ulipofungwa uliukata mkono wa kulia wa Simama, na mkono huo umevuka. Unatembea kwa vidole usiku, kucha zikigonga sakafu, unautafuta ufunguo.

Safari hii hakuna mtu ambaye Coraline anapaswa kumwokoa, kwa hiyo hakuna kinachomlazimisha kama kile kilichomlazimisha baba kwenye nyigu. Kuna miwani tu ya kwenda kuchukua. Anaenda kwenye kisima kikuukuu, anaondoa mbao zilizokifunika, anatandika kitambaa juu ya tundu, anapanga vikombe vya wanasesere kama mtoto anayecheza kupikapika, anatia maji kila kikombe ili kitambaa kisipeperuke, anaweka ufunguo katikati. Halafu anakaa pembeni na kuongea na wanasesere kwa sauti ya kitoto huku mkono ukinyemelea majanini. Mkono unarukia ufunguo, kitambaa kinazama, vyote vinakwenda chini.

Nasoma ukurasa huo polepole kuliko mwingine wowote. Mwaka jana binti aliyebuni jina la Simama aliniuliza kwa nini Coraline hakuutupa tu ufunguo kisimani toka mwanzo. Mvulana wa chooni akamjibu kabla yangu: “Mkono ungebaki nje.”

Mnakutana lini, na mtoto aje na nini?

Jumamosi saa kumi jioni, barazani kwangu, mkeka upo. Aje na maji ya kunywa na kanga au shuka la kujifunika kichwa, wanapenda kuchungulia kupitia uzi. Tochi kwa ajili ya umeme. Vifungo asilete, nina kopo la biskuti la marehemu bibi limejaa, na tafadhali wazazi, mkiona mtoto amekuja navyo viwili mfukoni, nirudishieni. Vyeusi vimebaki vitano.